Hesabu za Uzamili Huanzia Mwisho

Tulianza darasani watu 23. Siku ya mahafali, joho tulivaa 9. Kati ya wale 14 ambao hawakuonekana, hakuna hata mmoja aliyedisko. Walifaulu masomo yote ya semista ya kwanza na ya pili, wengine kwa alama zilizoniacha mbali, kisha wakapotea katika ile miezi ambayo ratiba haina kipindi hata kimoja, msimamizi hapokei simu, na mfukoni hamna nauli ya kwenda kukusanya data. Ukiwauliza watakwambia wamebakiza kidogo tu. Mmoja wao huu ni mwaka wa sita amebakiza kidogo tu.

Mimi ni mwalimu wa sekondari mkoani Ruvuma. Niliacha mke, watoto wawili na vipindi 24 kwa wiki nikaenda Dar es Salaam kusoma shahada ya uzamili kwa masomo ya kutwa. Tangu nirudi, kila dirisha la maombi linapokaribia kufungwa nafuatwa na walimu wenzangu, wauguzi, maofisa wa halmashauri, wote na swali lile lile: ada ni kiasi gani na niliipataje? Nami huwajibu kwamba ada ndiyo sehemu nyepesi. Ada ina kiasi kinachojulikana, ina tarehe, ina kontroo namba, na vyuo vingi huruhusu ulipe kwa awamu. Kinachoangusha watu ni vile vitu ambavyo havina kontroo namba.

Angalia namna safari yenyewe ilivyo. Uzamili wa kutwa kwa kawaida ni miezi 18 au 24. Semista mbili za mwanzo unakaa darasani, una wenzako, una majaribio na mitihani, kila wiki inakusukuma kwenye inayofuata. Baada ya hapo unaachwa peke yako na utafiti na tasnifu. Sasa pesa ya mtu anayetoka kazini huenda kinyume na safari hiyo: anafika Oktoba akiwa na akiba, anailipia chumba, laptopu, ada, na mashati mawili ya kuonekana mwanafunzi wa uzamili, kufikia Agosti akiba imekwisha, na Agosti ndipo gharama halisi zinapoanza. Kwa hiyo ukichukua karatasi ya kupiga hesabu, usianze na ada. Andika neno tasnifu juu kabisa, uiwekee fungu lake, ulifungie mahali usipoweza kulifikia kwa simu, halafu ndipo ugawe kilichobaki.

Fungu hilo linabeba nini? Kwanza vibali. Chuo kinakupa barua, barua inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, yeye anaandika ya kwake kwenda wilayani au kwa Mkurugenzi wa halmashauri, na kutoka hapo unashuka hadi kwa mtendaji wa kata na mkuu wa shule au mganga mfawidhi. Kila ofisi ina siku yake, na kila siku ina gesti yake na sahani yake ya wali. Ukisikia kwamba mhusika yuko kikaoni Dodoma, ongeza siku tatu. Ukiwa umeandika mikoa miwili katika pendekezo lako kwa sababu ilipendeza machoni pa msimamizi, zidisha yote kwa mbili. Na kama utafiti wako unagusa afya za watu, kuna kibali cha maadili, ama cha kamati ya chuo ama cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, kutegemea utafiti wenyewe, na hicho nacho kinakula muda na kina malipo. Kianze mapema, wakati bado uko darasani na mshahara haujachoka.

Baada ya vibali kuna nauli, posho ya msaidizi, kuchapa dodoso, bando, kurudi uwanjani mara ya pili kwa sababu msimamizi ameona pengo, kuchapa rasimu mara nne, kujalidi nakala za mwisho. Na kuna gharama ambayo hakuna anayeiandika: ukivuka muda uliopangiwa, chuo kinakutoza ada ya kuongezewa muda. Wengi wanaokwama huwa hawana pesa ya kumaliza, wakichelewa wanadaiwa zaidi, wakidaiwa zaidi wanachelewa zaidi.

Mimi niliokolewa na uchaguzi ambao wenzangu waliucheka. Nilichagua kufanyia utafiti shule za wilaya yangu mwenyewe. Walisema mada haina mvuto, eneo halina jina. Lakini nililala kwangu, nilikula kwangu, na wakuu wa shule nilikuwa nawafahamu kwa majina. Mada nzuri kwa mtu mwenye familia na mshahara mmoja ni ile anayoweza kuifikia kwa nauli ya bodaboda. Mada ya kuitikisa dunia isubiri shahada ya uzamivu na pesa za mfadhili.

Turudi nyuma kidogo, kwenye barua ya ruhusa, kwa sababu hapo ndipo watumishi wa umma wanapojimaliza kabla hata ya kufika chuoni. Kudahiliwa na chuo si ruhusa ya mwajiri. Jina lako linatakiwa liwe kwenye mpango wa mafunzo wa mwajiri wako, barua ipite kwa mkuu wako, ifike kwa Mkurugenzi, isainiwe, na wewe uondoke na nakala yenye mhuri mkononi. Mambo ya kusema "nimeongea na bosi, amekubali" hayapo kwenye jalada. Bosi akihamishwa Machi, anayemfuata atafungua jalada na kukuta mtumishi asiyeonekana kituoni tangu Oktoba, na utoro kazini wa zaidi ya siku tano ni kosa linaloweza kukufukuzisha kazi. Namfahamu mtu aliyekwenda chuoni kwa ahadi ya mdomo. Katikati ya mitihani ya semista ya pili mshahara wake ulisimamishwa, na akalazimika kuchagua kati ya kumaliza karatasi mbili zilizobaki na kurudi kituoni kujibu hati ya mashtaka.

Ukiwa pale ofisi ya utumishi, uliza na swali la pili: muundo wa kada yangu unasemaje kuhusu shahada hii? Kuna imani kwamba ukirudi na uzamili mshahara unajipandisha wenyewe. Haujipandishi. Kada nyingine zinaitambua, nyingine zinakupigia makofi tu, na ukisomea fani iliyo nje ya kada yako huenda ukarudi kwenye daraja lile lile uliloliacha. Si sababu ya kutokwenda. Mimi nilijua kwamba hainiongezei kitu mara moja na bado nilikwenda. Lakini nilikwenda nikijua, na sikukopa kwa kutegemea nyongeza ambayo haikuwapo.

Sasa mshahara. Tuchukue mwalimu mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 980,000 ambaye bado anadaiwa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu kwa shahada yake ya kwanza. Bodi inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kiwango kilichopanda kutoka asilimia 8 mwaka 2016: hapo shilingi 147,000 zimeondoka. Mfuko wa hifadhi ya jamii asilimia 5, shilingi 49,000. Bima ya afya asilimia 3, shilingi 29,400. Chama cha wafanyakazi asilimia 2, shilingi 19,600. Kodi ya mapato inakaribia shilingi 110,750. Kinachoingia benki ni kama shilingi 624,250. Na hii ni kabla ya posho kukatika. Ukiwa masomoni kwa ruhusa yenye malipo unapata mshahara, lakini usimamizi wa mitihani ya taifa hupangiwi, semina huitwi, safari ya kikazi hakuna, na tuisheni ya jioni umeiacha kwa mwenzako. Kwa watu wengi vitu hivyo ndivyo vilivyokuwa vikilipa ada za watoto. Kaa chini ujiulize kwa uaminifu: mwaka uliopita, posho na vibarua vilileta kiasi gani? Hiyo ndiyo pesa unayoipoteza kweli.

Hapo ndipo afisa mikopo wa benki anapoingia akitabasamu. Kwa utaratibu wetu mtumishi anatakiwa abaki na angalau theluthi moja ya mshahara wake wa msingi baada ya makato yote. Theluthi ya 980,000 ni karibu 326,700. Afisa atatoa kikokotoo, atakuta kuna takriban 297,500 ambazo bado hazijakatwa, na atakwambia neno tamu kuliko yote katika utumishi wa umma: unakopesheka. Ni kweli unakopesheka. Lakini ukikopa hadi mwisho wa kamba, utakwenda kuishi Dar es Salaam na familia yako itaishi Ruvuma, nyumba mbili, kwa shilingi 326,700 kwa mwezi. Chumba kimoja cha kawaida uswahilini cha shilingi 80,000 mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Hiyo ni 480,000 kabla hujanunua godoro.

Sisemi usikope. Mimi nilikopa, ila kwenye SACCOS ya walimu, kiasi cha kulipia ada ya mwaka wa kwanza tu, kwa makato ya miezi 20. Kipimo changu ni kwamba deni la masomo ya miaka miwili lisilipwe kwa miaka saba. Mkopo mrefu makato yake ya mwezi huonekana madogo, na udogo huo ndio mtego, kwa sababu mtoto wako ataanza kidato cha kwanza wewe bado unalipia chumba ulichopanga wakati anasoma chekechea.

Kwa ndugu zangu wa sekta binafsi sina mengi, kwa sababu mlango wenu ni mwembamba zaidi. Sheria ya kazi haimlazimishi mwajiri kukupa miaka miwili ya masomo. Ni makubaliano yenu, na yakipatikana yaandikwe. Ukiacha kazi, michango ya hifadhi inasimama, bima ya afya ya familia inasimama, na fao la kukosa ajira limewekwa kwa ajili ya aliyepoteza kazi si kwa hiari yake, siyo aliyeandika barua mwenyewe. Deni la Bodi ya Mikopo nalo halilali kwa sababu umerudi darasani. Kama mshahara wako unakatika siku unayoondoka na hakuna mwingine anayeingiza kipato nyumbani, mimi ningekushauri uangalie programu za jioni, au Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambacho kilianzishwa kwa sheria mwaka 1992 hasa kwa watu wasioweza kuacha kazi na kina vituo mikoani. Kuna wanaokibeza. Wengi wa wanaokibeza wamebakiza kidogo tu.

Nimesema nilikopa SACCOS. Sijasema yote. Semista ya kwanza, mtoto aliugua, mke akanipigia saa nne usiku, mshahara ulikuwa bado siku 9. Nikapakua programu ya mkopo kwenye simu. Dakika tano, pesa imeingia, sikuulizwa hata mzazi wangu ni nani. Nilipochelewa siku mbili kurejesha, ujumbe ulikwenda kwa watu waliomo kwenye simu yangu: mkuu wa shule, mwenyekiti wa kikoba cha mke wangu, na baba mkwe. Baba mkwe alinipigia kwa upole sana. "Mwanangu, kama kuna shida si ungesema?" Nilitamani ardhi inimeze. Watu hawakukosea kuiita mikopo ya namna hii kausha damu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni, kwa hiyo siku hizi kuna pa kuangalia kabla ya kubonyeza. Lakini dawa ya kweli niliipata baadaye: shilingi 150,000 za dharura, zimekaa kwa mtu tunayemwamini pale pale kijijini, si kwangu na si kwenye simu. Ziliguswa mara mbili tu katika miezi yote iliyobaki, na mara zote mbili zilirudishwa.

Na bodaboda. Kabla ya kuondoka nilinunua pikipiki nikampa kijana wa jirani kwa mkataba, hesabu shilingi 8,000 kwa siku. Kwenye karatasi ilikuwa inalipa chumba, chakula na bando. Mwezi wa kwanza hesabu ilikuja. Wa pili kulikuwa na mvua. Wa tatu kulikuwa na trafiki, tairi, na msiba wa shangazi. Wa nne simu haikupatikana. Sikuwa na wa kumfuatilia isipokuwa mke wangu, ambaye alikuwa anatoka zamu ya usiku kituo cha afya. Kwa hiyo biashara niliyodhani itanisomesha ikawa kazi ya pili ya mke wangu, bila malipo. Kilimo cha simu nacho ni ndugu yake huyo huyo: unatuma pesa ya mbegu, ya mbolea, ya palizi, halafu unatumiwa picha ya shamba ambalo huna hakika kama ni lako. Ukiwa mbali, masomoni, biashara inayohitaji macho yako iuze au isimamishe. Pikipiki ile niliiuza kwa hasara, na pesa yake ndiyo ikawa fungu la tasnifu. Laiti ningeiuza Oktoba.

Vibarua vinavyofaa ni vile vilivyo karibu na ulichokwenda kusomea. Vyuoni huwa kuna miradi inayotafuta wakusanya data kwa wiki mbili tatu. Ndugu, kazi hizo zichukue. Nilikwenda Dodoma wiki tatu kwenye mradi wa watu, nikarudi na posho na, zaidi ya posho, nikiwa nimejifunza kukusanya majibu kwa simu kwa programu ya KoboToolbox, ambayo unaweza kuitumia bila malipo. Zamu yangu ilipofika sikuchapa dodoso hata moja wala sikumlipa mtu wa kuingiza data. Lakini ukishaanza kuandika sura ya matokeo, funga milango ya vibarua. Kila niliyemwona akisema "nimalizie kwanza huu mradi kisha nitaandika", mradi ulizaa mradi.

Kuna kibarua kingine ambacho wewe ndiye unayewindwa. Karibu na vyuo vingi kuna steshenari zenye tangazo ukutani kwamba wanaandika mapendekezo ya utafiti, wanachambua data, wanatoa tasnifu kamili. Mtu mwenye mtoto mgonjwa, mwenye mwajiri anayemwita kituoni, akilipita tangazo hilo saa moja jioni linamwita kwa jina. Usisimame. Achilia mbali kwamba ni wizi. Siku ya utetezi utaulizwa kwa nini ulichagua shule sita na si kumi, na aliyechagua shule sita yuko steshenari anamwandikia mtu mwingine.

Michango sasa. Mtanzania anaweza kusamehewa deni lakini si mchango. Mwaka ule niliokuwa chuoni niliingizwa kwenye makundi saba ya harusi, mawili ya kumuaga bibi harusi na moja la kipaimara. Mwanzoni nilikuwa nakaa kimya, nikitumaini nitasahaulika. Kimya hakisaidii, mweka hazina wa kamati hasahau. Mzee mmoja mstaafu, aliyekuwa mkuu wangu wa shule nilipoanza kazi, akaniambia: nenda mwenyewe kabla hujafuatwa. Nikaandika ujumbe mmoja nikautuma kwa kila mtu anayenihusu, kwamba niko masomoni hadi mwezi fulani, kwenye furaha nitakuja na mikono yangu, mchango wa pesa utasubiri. Kuna walionuna. Binamu mmoja hadi leo ananisalimia kwa herufi mbili. Lakini wengi walielewa. Misiba sikuiweka kwenye ujumbe ule; msiba ni msiba, na mtu asiyezika wenzake asishangae akibaki na jeneza lake mlangoni. Hata hivyo kuna msiba wa kusafiri na msiba wa kutuma rambirambi, na mwaka huo msiba mmoja tu ndio niliosafiri.

Nimefika kwenye jambo ambalo naona ndilo lililonimalizisha shahada, nalo halikutoka kichwani kwangu. Yule mzee mstaafu aliniuliza: kadi ya benki atabaki nayo nani? Nikamjibu mimi, si ndiye ninayesafiri? Akacheka. Akasema, mwachie mama watoto, wewe utumiwe. Nilikataa kwa wiki nzima. Mwanamume mzima, kutumiwa! Baadaye nikakubali, na kuanzia Novemba mke wangu akawa ndiye Bodi ya Mikopo. Kila Jumatatu asubuhi bumu langu linaingia kwenye simu, shilingi 60,000, na linatakiwa lifike Jumapili. Nauli, chakula kwa mama ntilie, bando, fotokopi. Likiisha Ijumaa, Jumamosi ni uji. Nilijifunza kwenda chuoni kwa miguu, dakika 25. Nilijifunza kwamba maharage yanapikika. Na sikuwahi tena kupigiwa simu usiku kwamba nyumbani hamna hela, kwa sababu hela ilikuwa kwake, na nilipokosa mimi nilikosa peke yangu, bila watoto wawili kukosa nami. Msomaji mwanamke, ukiwa ndiye unayekwenda kusoma na mume ndiye anayebaki, kanuni ni ile ile kama mume mwenyewe ni wa kuaminika na pesa. Kama siye, mwachie mama yako au dada yako, na usione aibu.

Ila kuna kingine ambacho kadi ya benki haikutatua. Likizo ya kwanza nilirudi nyumbani nikaanza kuamrisha kama zamani: huyu alale sasa, huyu asitazame televisheni, chai mbona imechelewa. Watoto walikuwa wanamtazama mama yao kwanza, kisha wananitazama mimi. Usiku mke wangu akaniambia, "Baba watoto, hapa tuna ratiba yetu. Ukikaa siku 10 ukaivuruga, mimi nabaki miezi mitatu naipanga upya." Sikulala vizuri, lakini alikuwa na haki. Alikuwa na zamu za usiku, alikuwa amemwomba mama yake ahamie kwetu, alikuwa amekubaliana na mwenye genge, na mwenye bodaboda wa kuwapeleka watoto shule, mambo ambayo mimi sikuyajua hata kidogo. Anayekwenda masomoni anadhani yeye ndiye anayejitoa. Anayebaki anafanya kazi ya watu wawili na hapewi cheti. Baada ya hapo nikirudi nilikuwa naulizia ratiba mlangoni, naosha vyombo, nawapeleka watoto shule, na chai ilikuja ilipokuja. Simu ya Jumapili saa kumi na mbili jioni haikukosa hata mara moja, hata siku ya kuamkia mtihani. Tulipatana tusiizungumzie pesa kwenye simu hiyo. Pesa ilikuwa na siku yake, Jumatano.

Kuhusu muda sina siri kubwa. Wakati wa darasani ratiba inakupanga. Wakati wa tasnifu nilijiwekea ya kazini: saa mbili hadi saa saba na nusu mchana, maktaba, simu imezimwa, Jumatatu hadi Ijumaa. Sikukesha. Kukesha kunamfaa kijana wa shahada ya kwanza anayemeza desa la usiku mmoja. Tasnifu ni kazi ya miezi, na mwenye miaka 37 akikesha leo, kesho anatazama skrini tu. Kwa msimamizi nilikwenda kila baada ya siku 14 nikiwa na kurasa mkononi, hata kama ni nne na mbaya. Msimamizi ana wanafunzi wengi na mambo mengi. Anayepeleka kurasa ndiye anayekumbukwa. Wale walioingoja sura ikamilike ndipo wampelekee, ndio hao waliobakiza kidogo tu.

Niliwasilisha tasnifu mwezi wa 23. Nilirudi kituoni, nikapewa vipindi 26 badala ya 24, na mshahara ule ule. Deni la SACCOS lilikuwa limekwisha miezi miwili kabla.

Kama unakusudia kuanza Oktoba ijayo, wiki hii fanya mambo mawili. Nenda ofisi ya utumishi ukaulize jina lako limo kwenye mpango wa mafunzo au halimo, na kama halimo, barua yako iko meza ya nani. Kisha kaa na mwenzako, mna karatasi na kalamu, muulize yeye kwanza anaionaje miezi hiyo 24, na umwache azungumze mpaka amalize. Fomu ya chuo inaweza kusubiri hadi wiki ijayo.